MAISHA YA WATU WAKUU: SHEIKH AL-JAZARI, FUNDI WA AMID

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukuta humu maisha ya maimamu wa hadithi, mafakihi na makhalifa waadilifu. Mara hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa imamu, wala kadhi, wala amiri wa jeshi. Alikuwa fundi. Alifua shaba, alichonga mbao, alilehemu mabati, alitoboa matundu na kuyapima kwa maji. Na alipokwisha kazi aliandika kitabu ambacho hata leo mtu mwenye subira aweza kukifuata akatengeneza yale aliyoyatengeneza yeye zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Sababu ya kumchagua haiko mbali. Baada ya sala ya alasiri huwaona vijana wa mtaa wetu wamekaa barazani, mbele yao redio mbovu iliyofumuliwa, mota ndogo iliyotolewa katika kichezeo, waya, betri na vipande vya mbao. Wataka kitu chao kitembee peke yake na kikifika ukutani kigeuke. Wenyewe hukiita roboti. Mara nyingi hakitembei, na kikitembea hakigeuki. Mzee mmoja, mtu wa kheri tusiyemtilia shaka, alituuliza darsani iwapo si wajibu wetu kuwakataza, madhali huo ni mchezo na mchezo hauna thawabu. Hatukuwa na jibu la papo kwa papo. Tulimwomba atupe muhula, tukarudi vitabuni, na haya ndiyo tuliyorudi nayo.

Mtu tunayemtaja jina lake ni Abul-Izz Ismail bin Razzaz Al-Jazari, na watu wa zama zake walimpa lakabu ya Badiuzzaman, yaani ajabu ya zama. Aliitwa pia Raisul-Aamal, mkuu wa kazi za ufundi. Nisba yake ya Al-Jazari yatokana na Al-Jazira, nchi iliyo baina ya mito miwili, Tigris na Furati, upande wa juu. Wala msomaji asidhani ni jazira ya baharini kama Mombasa au Lamu: ile ni nchi ya bara, yenye milima na baridi ya theluji. Mji alioutumikia ni Amid, ambao leo waitwa Diyarbakır na umo katika Uturuki. Mji wenye ukuta mrefu wa mawe meusi ulioko mpaka leo.

Wanahistoria wa zama zile, waliojaza majuzuu kwa khabari za wafalme na vita vyao, hawakumwandikia hata ukurasa mmoja. Kila tunachokijua juu ya maisha yake twakipata katika dibaji ya kitabu chake mwenyewe na katika maneno machache aliyoyatia hapa na pale alipokuwa akieleza kazi. Twalisema hili kwa masikitiko kidogo. Umma uliohifadhi nasaba za washairi na farasi wao haukuona haja ya kuandika fundi huyu alizaliwa mwaka gani, alisoma kwa nani, au aliacha watoto wangapi.

Alichotuambia mwenyewe ni kwamba aliingia katika utumishi wa wafalme wa ukoo wa Artuq mwaka 570 wa Hijra, sawa na 1174 au 1175 kwa hesabu ya Kizungu, na kwamba aliwatumikia kwa miaka 25 kabla ya kuanza kuandika. Aliwatumikia watatu: kwanza Nuruddin Muhammad, kisha mwanawe Qutbuddin Sukman, kisha nduguye Sukman, Nasiruddin Mahmud, aliyetawala tangu mwaka 1200. Ukoo huu wa Kituruki mwanzo wake ulikuwa na makao Hisn Kayfa, ngome iliyo juu ya mto Tigris. Mwaka 1183 Sultani Salahuddin Al-Ayyubi aliuteka mji wa Amid akampa Nuruddin Muhammad, na miaka minne baadaye, 1187, ndipo alipoikomboa Baitul-Muqaddas. Basi fundi wetu aliishi katika zama zile zile za Salahuddin ambazo watoto wetu huzisoma madrasani. Wakati majeshi yalipokuwa yakipita njiani, yeye alikuwa karakanani akipima ni muda gani maji hupita katika tundu la shaba. Hisn Kayfa yenyewe, kwa kuwa tumeitaja, haionekani tena kama ilivyokuwa: mwaka 2020 mji ule wa kale ulifunikwa na maji ya bwawa la Ilısu.

Mfalme Nasiruddin ndiye aliyemwamrisha aandike. Alimwambia kwamba amefanya mambo yasiyo na mfano, akayatoa katika fikra akayaleta katika vitendo, na kwamba si haki taabu hiyo ipotee pamoja naye. Al-Jazari akatii. Kitabu kilimalizika mwaka 602 wa Hijra, yaani 1206. Jina lake moja ni Kitabu cha Kujua Hila za Kihandasa. Jina la pili ni refu zaidi na sisi twalipenda zaidi: Mkusanyo baina ya Ilimu na Amali yenye Nafuu katika Sanaa ya Hila.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo kwa ajili ya neno hilo, hila. Kwetu pwani mtu akiambiwa ana hila huona ametukanwa, kwani sisi tumelifanya neno hili kuwa la udanganyifu peke yake. Katika Kiarabu cha mafundi wale, hila ilikuwa ni werevu wa kukifanya kitu kizito kiinuke kwa nguvu ndogo, au maji yaende yasikotaka kwenda. Neno lilivuka bahari likafika kwetu likiwa nusu, na nusu iliyobaki ng'ambo ndiyo iliyokuwa na kheri.

Kitabu kimegawanywa aina sita, na jumla ya vyombo ni 50. Vipo vyombo 10 vya saa, vya maji na vya mishumaa. Vyombo 10 vya majlisi za vinywaji. Vyombo 10 vya mabirika na mabeseni ya udhu na ya kutolea damu. Chemchemi na mazumari 10. Mitambo mitano ya kuinua maji. Na mwisho vitu vitano vya namna mbalimbali. Kwa kila chombo hueleza kwanza sura yake ya nje na kazi yake, kisha jinsi kilivyofanywa, kiungo baada ya kiungo, kwa vipimo vya shibiri na vidole na dhiraa kama wanavyopima maseremala wetu wazee, na uzito kwa dirhamu. Yapo na michoro ya rangi, na juu ya kila kiungo imetiwa harufi, ili msomaji akikuta harufi hiyo katika maneno arudi kwenye picha akaone ni kiungo gani. Hakuna kilichofichwa. Wako mafundi wengi, wa zamani na wa sasa, ambao hufa na siri zao vifuani kwa kuogopa kunyang'anywa riziki. Yeye alikuwa mtumishi wa mfalme, mwenye kila sababu ya kuficha, na hakuficha.

Saa zake ndizo zilizompa sifa. Ili msomaji aelewe ugumu wake, na akumbuke hesabu ya saa za zamani. Mchana uligawanywa sehemu 12 tangu kuchomoza jua hata kuchwa, na usiku vivyo hivyo. Hapa Mombasa jambo hilo halina taabu, kwani mchana wetu mrefu na mchana wetu mfupi haupitani hata kwa nusu saa. Lakini Amid, iliyo mbali kaskazini, mchana wa kiangazi hupita saa 14 na wa kipupwe hupungua 10. Basi saa moja ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko saa moja ya kipupwe, na chombo cha maji kilitakiwa kibadilike kila siku ya mwaka ili kisiseme uongo. Mtu atayafanyaje maji yawe na haraka leo na kesho yawe na pole?

Jambo la kwanza ni kuyafanya yatoke kwa nguvu moja. Pipa likijaa, maji hutoka kwa kasi, likipungua, hulegea. Al-Jazari alichukua njia iliyonasibishwa kwa Archimedes, Myunani wa kale: baina ya pipa kubwa na tundu la kutokea aliweka chombo kidogo chenye chelezo. Maji yakipanda, chelezo hupanda na kuziba njia. Yakishuka, chelezo hushuka na kufungua. Kwa hivyo katika chombo kile kidogo kimo cha maji hakibadiliki. Msomaji anayetaka kuona jambo hili kwa macho yake na afunue tangi la maji lililo juu ya dari yake, atakuta boya linafanya kazi hiyo hiyo.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Wakale walikuwa wamefanya sahani iliyogawanywa kwa buruji 12, na tundu la maji likizungushwa juu yake kulingana na siku ya mwaka, maji huongezeka au hupungua kasi. Al-Jazari alipokea kipimo chao kwa heshima, akakitengeneza, akakipima, akaona hakisemi kweli. Akajaribu kingine kilichopokewa, nacho akakikuta na kosa. Hakuwatukana waliomtangulia, wala hakusema kwamba madhali ni wakubwa sharti wawe sawa. Alikaa akafanya cha kwake kwa majaribio, tundu baada ya tundu, mpaka maji na jua vikakubaliana. Katika dibaji ameeleza msimamo wake, na maana yake ni kwamba ilimu ya ufundi isiyojaribiwa kwa vitendo hubaki imening'inia baina ya kweli na shaka. Wale katika ndugu zetu wanaotulaumu kwa kuchunguza yaliyopokewa tutawaomba waitazame sahani ile ya buruji.

Saa yake kubwa ilikuwa na sura ya lango la ngome. Juu palikuwa na duara la buruji lililozunguka pamoja na jua na mwezi. Chini yake milango 12, na kijimwezi kidogo cha hilali kilichokuwa kikipita mbele yake polepole. Kila saa ikitimia, mlango hufunguka akatokea mtu wa sanamu, na vipanga wawili wa shaba huinama wakatema gololi juu ya matoazi, mlio ukasikika. Saa ya sita, ya tisa na ya kumi na mbili hulia ngoma na tarumbeta za wanamuziki watano waliosimama chini. Usiku huwaka taa nyuma ya vioo 12, kioo kimoja baada ya kimoja. Nyuma ya yote hayo hapakuwa na jini wala uchawi: palikuwa na chelezo linaloshuka ndani ya pipa, kamba iliyopita juu ya kapi kama kapi za jahazi, na kigari kidogo kilichovutwa na kamba hiyo.

Inayojulikana zaidi leo ni saa ya tembo. Ndani ya tumbo la tembo mna tangi, na juu ya maji ya tangi paelea bakuli la shaba lenye tundu dogo chini yake. Maji huingia bakulini kidogo kidogo, na baada ya nusu saa bakuli huzama. Likizama huvuta kamba, kamba huachilia gololi iliyo juu kabisa, ndege hulia na kuzunguka, gololi hutoka kinywani mwa kipanga ikaangukia kinywani mwa joka. Joka huelemewa, huinama, huitia gololi katika chombo, na mchungaji wa tembo humpiga mnyama wake kichwani. Na huko kuinama kwa joka ndiko kunakoliinua tena bakuli kutoka chini ya maji, likamwaga yaliyomo likaanza upya. Mbele ya macho ya watu hukaa karani mwenye kalamu, naye huzunguka polepole akionyesha sehemu za nusu saa zilizopita. Bakuli lenye tundu lilikuwa kipimo cha wakati huko Bara Hindi tangu kale. Tembo ni wa Hindi, majoka ni ya Kichina, hesabu ya maji ina asili ya Kiyunani, na aliyeviunganisha ni Mwislamu wa Al-Jazira. Hakuona aibu kuchukua kwa watu. Mwenye kwenda Dubai aweza kumwona tembo mkubwa aliyefanywa kwa mfano wake katika soko lililopewa jina la Ibn Battuta.

Tufikie sasa jambo lililotugawa darsani. Vyombo 10 katika kitabu hiki vilifanywa kwa majlisi za ulevi za wafalme. Mna jahazi liliao dimbwini na wapigaji wake wa shaba, ambao ngoma zao hupigwa na vijiti vilivyotiwa katika mhimili unaozungushwa kwa maji. Mna kijakazi wa shaba atokaye kabatini na kikombe mkononi. Mmoja wetu alisema kwamba kitabu chenye mambo haya hakifai kutajwa katika kurasa za dini, na zaidi ya hayo kimejaa masanamu. Mwingine alijibu kwa Nabii Sulaiman, ambaye Kurani imetaja kwamba alifanyiwa sanamu na mabeseni makubwa kama mahodhi. Wa kwanza akarudisha kwamba wafasiri wameeleza hiyo ilikuwa sharia yake na si yetu. Mjadala ulikwenda mpaka isha.

Rai yetu ni hii. Ulevi wa wafalme wale twauchukia, na fundi aliyewafanyia vyombo vya ulevi hatumtetei kwa hilo. Alikula mkate wao na akafanya waliyoyataka. Sanamu zina hukumu yake kwa mafakihi, wala hatutaigeuza kwa ajili ya kumpenda mtu. Lakini chelezo si sanamu, kapi si ulevi, na tundu lililopimwa vyema halina madhehebu. Mtu akiondoa karani na joka katika saa ya tembo, bakuli litazama vile vile baada ya nusu saa.

Tena wapo wafalme walioomba mambo mema. Mfalme huyu Nasiruddin hakupenda mtumishi au kijakazi ammiminie maji ya udhu, akamtaka Al-Jazari amfanyie chombo cha kutawadhia bila ya mtu kusimama juu yake. Al-Jazari alimfanyia kijana wa shaba mwenye birika, aliyemimina maji kwa kadiri ya haja. Kipo na chombo chake cha tausi: mwenye kunawa huvuta kizibo mkiani, maji hutoka mdomoni mwa ndege, yanapokusanyika chini, chelezo hupanda na mlango mdogo hufunguka, akatokea mtumishi wa sanamu na unga wa kunawia, yakizidi kupanda, hutokea wa pili na kitambaa. Katika mabeseni ya kutolea damu aliweka makarani walioonyesha kwa kalamu zao uzito wa damu iliyotoka, ili mgonjwa asitolewe kupita kiasi. Sisi twaona katika beseni hilo fikra njema kuliko katika jahazi lote la muziki.

Na zaidi ya hayo twaiona aina ya tano, ya mitambo ya kuinua maji, kuwa ndiyo kilele cha kitabu, ingawa watu huipita haraka kwa kukimbilia tembo. Katika mmoja wa mitambo hiyo mnyama huzunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta ya simsim, naye huendesha kata nne kubwa. Magurudumu yake yametiwa meno upande mmoja tu, ili kata zipande kwa zamu na mnyama asielemewe na zote kwa pamoja. Katika mwingine mna mkono uliopindwa, ambao ncha yake imo katika mfereji chini ya kata: mhimili ukizunguka, mkono huinua kata na kuishusha. Wanaoshughulika na historia ya mashine huutaja mkono huo kwa mshangao, kwani kugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi ni jambo ambalo kila injini ya gari yalitegemea, na huko Ulaya lilichelewa. Mtambo wa tano ni pampu. Gurudumu la maji ya mto huzungusha magurudumu yenye meno, hayo husukuma mkono huku na huko, na mkono huendesha pistoni mbili za shaba zilizozungushiwa katani ndani ya silinda mbili zinazoelekeana. Moja ikivuta, ya pili yasukuma. Milango midogo ndani ya mirija hufunguka upande mmoja na kujifunga upande wa pili. Na maji hupanda takriban dhiraa 20 bila ya ng'ombe wala mtu.

Namna yake ya kufanya kazi inafaa ijulikane na mafundi wetu. Mbao alizifanya kwa tabaka zilizobandikwa pamoja ili zisipinde. Magurudumu aliyasawazisha yasielemee upande. Kazi ngumu aliikata kwanza kwa karatasi. Kizibo cha shaba na tundu lake alivisaga pamoja kwa unga wa msasa mpaka maji yasipate pa kupenya. Mlango mkubwa wa jumba la mfalme mjini Amid aliupamba kwa nyota za shaba zilizomiminwa katika kalibu za mchanga zilizofungwa. Miongoni mwa vitu vya mwisho kuna kufuli isiyo na ufunguo, yenye sahani nne na harufi 16 katika kila sahani, hata asiyejua harufi zake asiweze kufungua. Na chombo cha kutafutia kitovu cha duara lipitalo katika nukta tatu.

Yatupasa pia kusema neno kwa ndugu zetu wa upande wa pili, wasiokataza bali wanaojisifu. Siku hizi husikilizana katika mihadhara na katika simu za mikononi kwamba Al-Jazari ndiye baba wa roboti, aliyebuni kila mashine, na kwamba Wazungu waliiba kwake. Maneno haya yeye mwenyewe asingeyakubali. Kabla yake, Baghdad, walikuwapo ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na Hasan, wana wa Musa bin Shakir, ambao kitabu chao cha hila cha karne ya tatu ya Hijra kina vyombo takriban 100. Kabla yao walikuwapo Wayunani, na Al-Jazari amewataja waliomtangulia na kueleza wapi aliwafuata na wapi aliwaacha. Na mwenye kusimama mimbarini akajifakhiri kwa pampu ya Amid, ilhali mfereji wa udhu wa msikiti wake wavuja mwaka wa pili na hakuna anayeushika, huyo atuwie radhi, hatukuona ana haki gani katika fakhari hiyo.

Kitabu chenyewe kilinusurika kwa kunakiliwa. Nakala ya kale kuliko zote iko Istanbul, katika jumba la Topkapı, nayo iliandikwa mwaka ule ule wa 602. Nyingine, ya mwaka 755 wa Hijra, yaani 1354, iliyonakiliwa katika dola ya Mamaluki, ilikatwa kurasa zake zenye picha, zikauzwa moja moja, na leo zimetawanyika katika majumba ya makumbusho, nyingine Boston na kwingineko Marekani. Wajerumani wawili, Wiedemann na Hauser, walikishughulikia mwanzo wa karne ya ishirini. Mwingereza Donald Hill, ambaye kazi yake ilikuwa uhandisi, alikitia chote katika Kiingereza mwaka 1974; na Ahmad Yusuf Al-Hassan, Mwarabu mwanachuoni, alikitoa kwa Kiarabu huko Halab mwaka 1979. Mwaka 1976, katika maonyesho ya Kiislamu mjini London, saa yake moja kubwa ilitengenezwa upya kwa kufuata maneno ya kitabu, na ikaenda.

Tulipomsomea mzee wetu haya yote alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama bakuli lile kweli huzama kwa nusu saa. Hatukutaka kumjibu kwa kitabu. Tuliwaita vijana wa barazani, tukatafuta bakuli la shaba, wakalitoboa, wakalielekeza juu ya maji ya ndoo uani kwa msikiti, na mzee akashika saa. Mara ya kwanza lilizama kwa dakika 22. Waliliziba tundu kwa lehemu wakatoboa dogo zaidi, likazama kwa dakika 34. Sasa wanalipanua kwa msasa, uzi kwa uzi, na tulipokuwa tukiandika makala haya walikuwa wamefikia dakika 31.